Mikono Itetemekayo: Pombe na Hatari ya Kuiacha kwa Ghafula

Katika vijiji na mitaa mingi watu humfahamu mtu ambaye asubuhi hawezi kushika kikombe cha chai kwa mkono mmoja. Hukishika kwa mikono miwili, na hata hivyo chai humwagika sahanini. Akitakiwa kutia sahihi karatasi, kalamu humcheza. Akitaka kufunga vifungo vya shati, humwita mtoto amsaidie. Lakini apatapo bilauri moja ya pombe, mikono hutulia kana kwamba haikuwa na neno. Majirani wengine hucheka, wengine husema ni uzee, na wengine hudai kwamba amerogwa.

Jambo hilo si la kuchekwa, wala si uchawi. Ni dalili ya ugonjwa unaojulikana, na dalili ya mvua ni mawingu. Yafaa kila nyumba ielewe asili yake, kwa maana wako watu waliokufa si kwa kunywa pombe, bali kwa kuiacha ghafula bila kuangaliwa na mganga. Mara nyingi jamaa wa mtu kama huyo, kwa nia njema, humfungia chumbani na kusema, "Akae humo siku tatu bila tone, pombe itamtoka." Siku tatu hizo ndizo zenye hatari kuliko zote.

TABIBU WA AKRON

Ugonjwa huu hauchagui mtu wala hauangalii elimu. Katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, nchi ya Marekani, aliishi daktari mpasuaji jina lake Robert Smith, aliyezaliwa mwaka 1879. Alikuwa hodari katika kazi yake, lakini kwa miaka mingi alikuwa mtumwa wa pombe, na asubuhi alimeza dawa za kutuliza ili mikono isimtetemeke mbele ya wagonjwa. Mwezi wa Mei mwaka 1935 alikutana na mtu wa New York, jina lake Bill Wilson, ambaye naye alikuwa mlevi wa kupindukia na alikuwa ameiacha pombe miezi michache tu nyuma. Wawili hao waliongea kwa saa nyingi, na Smith akajaribu kuacha.

Mwezi uliofuata alisafiri kwenda kwenye mkutano wa madaktari, akaanguka tena katika ulevi. Aliporudishwa nyumbani zilikuwa zimebaki siku chache tu kabla ya kumpasua mgonjwa aliyekuwa akimngojea. Wilson na mke wa Smith walimwuguza. Asubuhi ya kazi mikono ilikuwa ikitetemeka bado, na Wilson akampa chupa moja ya bia ili itulie. Smith akaenda hospitali, akapasua, na kazi ikaenda salama. Tangu siku ile hakunywa tena mpaka alipokufa mwaka 1950. Chama cha walevi waliokusudia kuacha, kiitwacho Alcoholics Anonymous, huhesabu kuzaliwa kwake tangu mwezi huo wa Juni 1935, na leo kina mikutano katika nchi nyingi, Kenya ikiwa mojawapo.

Msomaji asidhani kwamba bia ile ilikuwa dawa ya kumponya. Ilifanya neno moja tu: ilinyamazisha kwa muda kilio cha mwili uliozoea pombe. Lakini ukitazama kwa nini bia ilituliza mikono ya tabibu yule, utaelewa ugonjwa wote.

KWA NINI MIKONO HUTETEMEKA

Ubongo wa mwanadamu hufanya kazi kwa kupelekeana habari katika mishipa ya fahamu. Ziko kemikali za ubongo ambazo kazi yake ni kuamsha, na iliyo kubwa miongoni mwake ni glutamati. Ziko nyingine ambazo kazi yake ni kutuliza, na iliyo kubwa ni ile ambayo wataalamu huiita GABA. Mtu mzima wa afya huwa na mizani ya hizo mbili. Pombe inapoingia huitia nguvu ile ya kutuliza na kuipunguza ile ya kuamsha. Ndiyo sababu mlevi hulegea, ulimi ukawa mzito, na usingizi ukamchukua.

Mtu akinywa mara moja moja, mizani hurudi mahali pake. Lakini anywapo sana kila siku, kwa majuma, miezi na miaka, ubongo haukubali kulazwa sikuzote. Hujitengeneza upya: hupunguza nguvu ya kutuliza na kuongeza nguvu ya kuamsha, ili uweze kufanya kazi ingawa pombe imo. Hapo ndipo mnywaji huonekana amekuwa "sugu", akanywa chupa nyingi asipepesuke. Watu humsifu kwa uhodari wake, kumbe huo ni mwanzo wa kifungo.

Jambo hili lafanana na mchezo wa kuvuta kamba. Pombe yavuta upande huu na ubongo wavuta upande ule, na kwa kuwa nguvu zao ni sawa, kamba yaonekana imetulia. Pombe ikiachia kamba ghafula, ubongo huanguka chali kwa nguvu zake mwenyewe. Nguvu ya kuamsha yabaki peke yake bila mpinzani. Moyo huenda mbio, shinikizo la damu hupanda, jasho hutoka hata wakati wa baridi, na mikono hutetemeka.

Ndiyo maana asubuhi ni mbaya kuliko jioni. Usiku mtu amelala bila kunywa kwa saa nyingi, na kufikia mapambazuko pombe imepungua katika damu. Akizimua kwa bilauri moja, pombe yaishika kamba tena na mikono yatulia. Lakini deni halikulipwa. Limesogezwa mbele tu, na kesho litadaiwa pamoja na faida yake. Mtu ambaye ni lazima azimue ndipo aweze kufanya kazi hana tena hiari katika kunywa kwake.

MAMBO YAFUATAYO SAA BAADA YA SAA

Kutetemeka huanza kwa kawaida kati ya saa 6 na 12 baada ya kunywa mara ya mwisho. Pamoja nako huja wasiwasi, kichefuchefu, kutapika, kuumwa kichwa na kukosa usingizi. Kwa watu wengi mambo hayaendi mbele zaidi ya hapo: hufikia ukali wake katika siku ya pili au ya tatu, kisha hupungua, na kwa muda wa juma moja huwa yamekwisha.

Lakini kwa wengine safari haiishii hapo. Kati ya saa 6 na 48 mtu aweza kuanguka kifafa, hata kama hajapata kuwa na kifafa maishani mwake. Wengine, baada ya saa 12 au zaidi, huona wadudu wakitambaa ukutani au husikia sauti za watu wasiokuwapo, ingawa wangali wakijua majina yao na mahali walipo.

Hatari iliyo kubwa huja kwa kawaida kati ya siku ya pili na ya nne. Mgonjwa huchafukwa na akili kabisa. Hajui mahali alipo wala siku ni ipi, huweweseka, mwili mzima hutetemeka, joto hupanda, na moyo hukimbia kupita kiasi. Hali hii huwapata kama wagonjwa 3 hadi 5 katika kila 100 wanaolazwa hospitali kwa ajili ya kuacha pombe. Zamani, kabla ya dawa za sasa, waliokufa kwayo waliweza kufika 35 katika kila 100. Siku hizi, wakitunzwa vema hospitali, wanaokufa ni chini ya 5 katika 100. Tofauti ya hesabu hizo mbili ndiyo tofauti ya mtu aliyefungiwa chumbani na mtu aliyepelekwa kwa mganga.

Tena ijulikane kwamba kila mara mtu anapoacha ghafula na kurudia, ubongo huzidi kuwa mwepesi wa kuwaka. Aliyetetemeka tu mara ya kwanza aweza kuanguka kifafa mara ya nne. Kwa hiyo yule asemaye, "Nimeacha mara nyingi, wala sikupatwa na neno," asijitumainie.

JINSI WAGANGA WALIVYOPATA KUJUA

Ugonjwa huo wa kuweweseka ulipewa jina lake la kitabibu na daktari wa Uingereza, Thomas Sutton, mwaka 1813. Lakini kwa miaka zaidi ya mia moja baada yake madaktari walibishana juu ya asili yake. Wengine walisema waletwa na sumu ya pombe yenyewe. Wengine walisema ni njaa, kwa maana mlevi hali chakula cha kutosha.

Mwaka 1955 daktari Harris Isbell na wenzake walitangaza habari za uchunguzi waliofanya katika mji wa Lexington, jimbo la Kentucky. Wanaume 10 waliokuwa zamani wakitumia mofini walikubali kunyweshwa pombe nyingi kila siku, huku wakilishwa vizuri na kupewa vitamini. Wanne waliacha mapema. Sita waliendelea kwa siku 48 hadi 87, kisha pombe ikakatwa ghafula. Ingawa walikuwa wameshiba, walitetemeka na kutoka jasho. Baadhi yao walianguka kifafa, na baadhi wakaweweseka. Basi ikathibitika kwamba kiini cha ugonjwa ni kule kuachishwa mwili kitu ulichokwisha kukizoea. Siku hizi uchunguzi wa namna ile juu ya wanadamu hauruhusiwi, lakini jibu lake limebaki.

NAMNA YA KUTIBU

Mgonjwa afikapo hospitali, mganga humwambia anyoshe mikono mbele na kutanua vidole. Pengine kutetemeka hakuonekani kwa macho, lakini mganga akigusisha ncha za vidole vyake na za mgonjwa, hukusikia. Katika hospitali nyingi hutumiwa kipimo kilichotangazwa mwaka 1989, chenye maswali 10, ambacho hupima kutetemeka, jasho, kichefuchefu, wasiwasi, maruerue na mengineyo, kila jambo likapewa alama. Alama zikizidi, dawa huongezwa; zikipungua, hupunguzwa.

Dawa zenyewe ni za jamii ya benzodiazepini. Ya kwanza katika jamii hiyo ilianza kuuzwa mwaka 1960, na diazepamu, inayojulikana sana, ilifuata mwaka 1963. Dawa hizi huitia nguvu ile kemikali ya kutuliza, yaani huishika kamba mahali pa pombe, kisha mganga huilegeza polepole kwa siku chache mpaka ubongo urudie mizani yake. Hapo sasa yaonekana kazi ya bia ya Akron. Ilishika kamba kama dawa zishikavyo, lakini bila kipimo na bila mtu wa kuilegeza kwa utaratibu. Smith aliponea chupuchupu, wala hapana aliye na haki ya kuufanya mfano wake kuwa matibabu.

Hata hivyo dawa hizo si za kununuliwa dukani na kumezwa ovyo. Zikichanganyika na pombe zaweza kuzimisha pumzi, na zikitumiwa kwa muda mrefu mwili huzizoea kama ulivyoizoea pombe.

Jambo la pili ni vitamini B1, iitwayo thayamini. Mnywaji wa kupindukia hula kidogo, na pombe huzuia vitamini hiyo isiingie mwilini, na akiba yake mwilini ni ya majuma machache tu. Ikikosekana, macho hucheza, miguu hupoteza mizani na akili huchafuka. Carl Wernicke alieleza hali hiyo mwaka 1881. Na mwaka 1887 Sergei Korsakoff wa Urusi akaeleza habari za wale ambao kumbukumbu zao huharibika, hata mtu asiweze kushika jambo jipya. Kwa hiyo waganga humchoma mgonjwa sindano ya thayamini mapema, na mara nyingi huitanguliza kabla ya kumtilia maji ya sukari mshipani.

SI KILA KUTETEMEKA NI KWA POMBE

Ingekuwa dhuluma kumwita mlevi kila mtu atetemekaye. Uko mtetemo wa kurithi, ambao mara nyingi huonekana kwa baba na mwana. Huja mtu ashikapo kitu au aandikapo, na kwa wengi wao pombe kidogo huupunguza kwa muda; kwa sababu hiyo wengine huvutwa kwenye ulevi wakitafuta dawa. Uko ugonjwa ulioelezwa na James Parkinson mwaka 1817, ambao hutetemesha mkono uliopumzika, kidole gumba kikienda kama kinachoviringisha kidonge. Tezi ya shingo ikifanya kazi kupita kiasi hutetemesha mikono, ikampunguza mtu unene na kumfanya asivumilie joto. Dawa nyingine za pumu hufanya vivyo hivyo, hata kahawa kali, na hata sukari ikipungua katika damu.

Tena kuna mitetemo ya mnywaji ambayo haiishi kwa juma moja. Ini lililoharibika sana huleta mikono ipigayo kama mbawa za ndege mgonjwa aambiwapo kuinyosha na kuikunjua viganja. Na ile sehemu ya nyuma ya ubongo, ambayo kazi yake ni kupimia mwendo, yaweza kuharibiwa na pombe. Hapo mkono hutetemeka zaidi kadiri unavyokikaribia kikombe, na mtu hutembea akitanua miguu kama aliye chomboni baharini. Hayo ni ya mganga kuyapambanua, wala si ya majirani.

HALI YA KENYA

Katika Kenya jambo hili lina uzito wake. Chang'aa ilikatazwa kwa sheria ya mwaka 1980, na katazo hilo likaondolewa kwa sheria ya mwaka 2010, iliyoruhusu itengenezwe na kuuzwa kwa leseni na kwa masharti. Lakini pombe isiyopimwa haikukoma. Mwezi wa Novemba mwaka 2000 watu zaidi ya 100 walikufa katika Nairobi kwa kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine walipofuka. Kwa hiyo azimuaye kwa pombe asiyoijua atoa uhai wake rehani ili kutuliza mikono yake.

Mwezi wa Julai 2015 Rais Uhuru Kenyatta aliamuru pombe haramu za bei nafuu ziharibiwe, hasa katika sehemu za kati za nchi. Amri kama hiyo yaweza kuondoa sumu madukani. Lakini mwili wa aliyekunywa kila siku kwa miaka mingi haujui habari za amri. Akikosa kinywaji jioni, kesho yake atatetemeka. Vilabu vya pombe vinapofungwa, milango ya hospitali yapasa kuwa wazi.

YAPASAYO KUFANYWA NYUMBANI

Kwanza, mtu anywaye sana kila siku, na ambaye asubuhi hutetemeka mpaka azimue, asiache kwa mkupuo mmoja peke yake. Aende kwanza hospitali au zahanati, aseme kweli hunywa kiasi gani na tangu lini. Mpaka atakapoonana na mganga, ni afadhali apunguze kidogo kidogo kuliko kukata ghafula. Hilo si ruhusa ya kuendelea kunywa. Ni njia ya kufika salama mahali pa kuachia.

Pili, aliyepata kuanguka kifafa au kuweweseka alipoacha zamani, aliye mzee, mwenye mimba, au mwenye ugonjwa mwingine, asijaribu nyumbani kabisa. Alazwe.

Tatu, mgonjwa akianguka kifafa, akianza kusema na watu wasioonekana, akipotewa na fahamu za mahali na siku, akipata homa kali, au akitapika hata maji, apelekwe hospitali saa ile ile, iwe mchana au usiku. Akiwa katika kifafa alazwe ubavu, wala asitiwe kijiko au kitu chochote mdomoni.

Nne, jamaa wasimfunge kamba wala kumfungia mlango. Wakae naye, wampe maji na chakula chepesi, taa iwe inawaka usiku, na maneno yawe ya upole. Mke akisema, "Baba watoto, twende pamoja kwa daktari," afanya kazi kubwa kuliko anayemtukana mbele ya watoto.

Tano, kutulia kwa mikono si mwisho wa safari. Usingizi mbaya na wasiwasi vyaweza kukaa kwa majuma kadhaa, na hapo ndipo wengi hurudia. Mtu ahitaji rafiki wa kumwendea saa ya jaribu, kama Smith alivyokuwa na Wilson. Halmashauri ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, NACADA, hupokea simu bila malipo kwa namba 1192, na vikundi vya walioacha hukutana katika miji mbalimbali.

Mficha maradhi, kifo humwumbua. Aonaye chai ikimwagika asubuhi, iwe ni yake au ya nduguye, asingoje majirani wamalize kucheka. Mikono ile yaweza kutulia tena, ikatia sahihi, ikafunga vifungo na kushika jembe, ikiwa mwenyewe ataongozwa kutoka katika pombe hatua kwa hatua.